Nyama Haivuki Seng'enge

Mjukuu wangu anayesomea Nakuru alikuja likizo na paka ndani ya kikapu. Paka mweupe, manyoya marefu, ana hata blanketi lake. Akamweka hapo mlangoni, akaniuliza, "Kogo, bibi yangu, huyu nataka kumlisha nyama mbichi. Wengine wanasema ni dawa, wengine wanasema ni sumu. Wewe ulifanya hiyo kazi. Ukweli ni upi?"

Nilimwambia avute kigoda akae.

Ukweli ni kwamba nililisha paka nyama mbichi tangu nikiwa mke mchanga mpaka magoti yakakataa kuchuchumaa. Nilianzia dukani mjini Kericho, baadaye nikaitwa kwenye stoo za mahindi na za unga huko mashamba ya chai, popote panya walipowashinda watu. Na sehemu kubwa ya miaka hiyo sikuelewa ninachofanya. Kuna paka waliopona nikiwa nimeshakata tamaa, na kuna walioanguka nikiwa katikati ya kujisifu. Kwa hivyo nyinyi mnaofuga paka siku hizi, msikae mkingoja niwape amri kumi. Kaeni niwaambie yaliyonipata, halafu kila mtu achukue lake.

Chukueni maini, kwa mfano. Katika shamba moja la chai kulikuwa na mpishi aliyempenda paka wa stoo kuliko alivyojipenda mwenyewe. Kila siku alimpa maini, na paka akawa hataki kitu kingine. Baadaye shingo ya yule paka ikakakamaa kama amemeza fimbo. Akitaka kutazama nyuma, anageuka mwili mzima kama lori. Hakuweza tena kujilamba mgongo. Mimi nilisema amepigwa na ubao, mpishi akasema amelala vibaya. Tulimkanda kwa maji ya moto akatukwaruza wote wawili. Mpishi alipoenda likizo maini yakakoma, na shingo ikalegea kidogo, ila haikurudi yote. Tangu hapo nikajua maini ni kipande kidogo, mara moja moja. Lakini kwa nini kitu kizuri kikizidi kigeuke kuwa kibaya, hilo usiniulize.

Kisa ninachotaka kuwapa ni cha zamani zaidi ya hapo. Ni cha Ba.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mume wangu alikuwa anachuna chai kwa shamba lililo karibu na mji, nami nikapata kazi ya kufagia na kuteka maji kwa duka la Muhindi mmoja aliyeitwa Jayanti. Mbele aliuza mablanketi, sukari na mafuta ya taa. Nyuma kulikuwa na stoo iliyojaa magunia ya mahindi na maharagwe. Jayanti alikuwa mtu mwembamba, penseli haitoki sikioni, na aliogopa vitu viwili tu duniani: panya na mama yake.

Mama yake ndiye tuliyemwita Ba, maana kwa lugha yao ba ni mama. Mimi ulimi wangu wa kwetu Longisa ulikuwa bado mzito, nikawa namwita Pa. Siku ya kwanza alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa mjane, mdogo wa mwili kama msichana, akivaa sari nyeupe siku zote. Dini yao haikuruhusu nyama wala mayai. Hata kitunguu hakikuingia jikoni kwake. Akikuta sisimizi kwenye ngazi, anainua mguu juu kuwavuka, na wewe unayemfuata uinue.

Nilipoanza kazi walikuwa na paka watatu. Jayanti, kwa hasira ya panya, akaweka sumu stoo bila kumwambia mama yake. Panya walikula sumu, paka wakala panya. Tuliwakuta paka wawili chini ya magunia, mapovu mdomoni. Ba hakumsemesha mwanawe muda mrefu. Hapo mkae mkijua: sumu ya panya na paka hawakai nyumba moja, hata useme umeificha namna gani.

Akabaki paka mmoja jike, jina lake Rani. Ba akamfungia ndani ya nyumba asiguse panya tena, akawa anamlisha chakula chake mwenyewe: wali, dengu, maziwa na samli. Rani alikula, tena alikula vizuri. Lakini mgongo ukaanza kupukutika manyoya. Maziwa yakamharisha. Na jua likianza kuzama, alitembea akigonga miguu ya meza na stuli, kama mlevi anayetafuta mlango.

"Amezeeka," Ba alisema.

Hakuwa amezeeka. Alikuwa amezaa mara moja tu. Na mimi nilikuwa nashangaa, kwa sababu kwetu Longisa hakuna aliyelisha paka. Alipewa matone ya maziwa wakati wa kukamua, mengine akajitafutia, na hatukuona paka akigonga stuli. Siku moja nikasema, "Ba, huyu anataka nyama."

Jayanti aliinua kichwa kule dukani. Ba akaniangalia kama nimetukana.

"Nyama? Hapa kwangu?"

"Si ndani, Ba. Nje huko."

Ba akageuka. Aliingia kwenye chumba chake cha kusali, na siku zilizofuata kila nikipita namwona ameketi kwenye mkeka, Rani amemlalia pajani. Kisha asubuhi moja akatoka na sahani ya bati iliyochakaa. Akanipeleka nyuma ya stoo mpaka kwenye ua wa seng'enge, akaonyesha kwa kidole.

"Hapa ndiyo mpaka. Paka atavuka. Wewe utavuka. Nyama haivuki seng'enge. Umesikia?"

"Nimesikia, Ba."

"Usiniambie umepata nini. Usiniambie amekula nini. Niambie tu ameshiba."

Nikamwuliza swali lililokuwa likinisumbua. Mbona Rani zamani alikuwa anaua panya humo stoo na hakuna aliyemkataza?

Ba akafikiri. "Paka kuua panya ni mambo yake na Mungu," akasema. "Mimi kununua nyama ni mambo yangu na Mungu."

Maneno hayo nilienda nayo nyumbani, nikamwambia mume wangu, tukayageuza huku na huku mpaka ugali ukapoa. Hatukuona mwisho wake.

Basi nikaanza. Baada ya kulisha nilinawa kwa jivu na sabuni mpaka kwenye kiwiko, nikabadilisha leso, ndipo nikaingia ndani. Bucha nililotumwa lilikuwa la Njuguna, pale sokoni. Njuguna alikuwa mtu wa Mkoa wa Kati, lakini alikuwa ameishi Kericho muda mrefu mpaka salamu za Kipsigis alizijua kuliko sisi. Alikuwa mzee wa kanisa, akikata nyama huku akiimba nyimbo za Jumapili, shoka likimpigia mdundo. Na mkono wake ulikuwa wa birika. Jayanti alikuwa amepatana naye juu ya nyama ya paka, na Njuguna akaamua paka ni wa kupewa kilicho chini ya gogo la kukatia: vipande vya koo la ng'ombe, moyo uliokauka pembeni, shingo na vichwa vya kuku, na ule ungaunga wa mifupa unaorushwa na shoka. Alivikusanya vyote, akavikatakata kwa panga mpaka vikawa donge moja, akafunga kwenye jani la mgomba.

Mimi nilikuwa naona haya kubeba kitu kama hicho katikati ya soko.

"Njuguna," nilimwambia, "hata mbwa angekataa hii."

"Basi mlete mbwa aje akatae mwenyewe," akajibu bila kuacha kukata. "Paka hasomi jina la nyama, mama. Anakula au hali."

Na Rani alikula. Sauti ya kula kwake naisikia mpaka leo, kama mtu anayekanyaga changarawe. Manyoya yakarudi, yakafunika mgongo. Tumbo likatulia. Sumu ilikuwa imeshaondolewa stoo, na Ba akakubali mlango ufunguliwe. Haikupita muda Rani akatoka nyuma ya magunia na panya mdomoni, na Jayanti, mtu asiyecheka, akacheka. Kitu kimoja tu hakikurudi sawasawa: macho. Jioni aliendelea kutembea kwa masharubu. Niliongeza nyama, sikuona tofauti. Kuna vitu vikipotea, nyama ya nani itavirudisha?

Ngoja niwape na haya kabla sijasahau. Nyama mbichi iwe ya siku hiyo. Ukimwekea akaacha, usiingoje mpaka nzi waje, itupe. Sahani isuguliwe kila mara, na mikono yako pia, hasa kama kuna mtoto au mama mjamzito nyumbani. Ukiona vitu kama punje za mchele chini ya mkia wake, hiyo ni minyoo, mtafutie dawa. Na mfupa uliopikwa, usimpe kamwe. Mfupa mbichi wa kuku unapondeka. Ukishapikwa unapasuka kama kioo. Nimemwona paka wa kambi ya chai akifa kwa mfupa wa mchuzi, na watu waliompa walikuwa wanampenda.

Wakati Rani ana mimba, mambo ya Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya Wazungu, yakatufikia. Watu wa Kati wakaanza kuondolewa Bonde la Ufa, mtu na mke wake na mizigo yake, kurudishwa kwao hata kama kwao hakuna aliyewajua tena. Asubuhi moja nilienda sokoni nikakuta lori na askari. Njuguna alikuwa amesimama hapo na mkewe, gunia moja katikati yao. Hajavaa aproni. Sikuwahi kumwona bila aproni, ikanichukua muda kumtambua.

Alinitambua yeye kwanza. "Rael! Fungu la paka liko juu ya gogo. Limeshafungwa. Ingia uchukue."

Askari akageuka akaniuliza naenda wapi, na pasi yangu ya kutembea iko wapi.

"Ni nyama ya paka hiyo," Njuguna akamwambia. "Paka hahitaji pasi."

Mkewe aliendelea kukunja na kukunjua ncha ya shuka. Niliingia nikachukua lile fungu, na nilipotoka walikuwa wameshapanda. Lori likaondoka, nami nikabaki na fungu mkononi, nikaenda nikamlisha Rani. Sikuona lingine la kufanya.

Bucha lilifunguliwa tena na mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa mjomba wangu, arap Mutai, ndugu ya mama yangu, mtu wa Chebunyo ambako ng'ombe hawana idadi. Sikujua nifurahi ama nihuzunike. Mjomba aliposikia nilikuwa nabeba vilivyo chini ya gogo, alikasirika kweli.

"Mpwa wangu abebe takataka mbele ya soko zima? Mimi nikiwa hai?"

Tangu siku hiyo alinikatia nyama laini, nyekundu, haina mfupa, haina mshipa. Hata mimi nilikuwa naitazama kwa tamaa. Rani alikuwa amezaa watoto watatu, na ndio kwanza walikuwa wanaachishwa ziwa: mmoja mweusi, mmoja wa madoadoa, na mmoja wa rangi ya chai ya maziwa, ambaye Ba alimwita Chai. Ba hakutaka wazurure barabarani, kwa hivyo waliishi uani, na kila mlo niliwabeba kwa kikapu nikawavusha seng'enge.

Waliing'arisha sahani, na nyama ikawang'arisha wao. Manyoya yaling'aa kama yamepakwa mafuta. Niliwaambia wanawake wote kisimani: angalieni paka wanaolishwa na mjomba wangu!

Kisha yule mweusi akaacha kuruka. Anafika kwenye kizingiti, anakitazama, anarudi. Yule wa madoadoa akawa analia ukimwinua. Halafu Chai akaruka kutoka juu ya gunia moja la maharagwe, moja tu, limelala chini, na tukasikia mguu ukilia kama kijiti kikavu.

Jayanti alikuja mbio. Akamtazama Chai, akanitazama mimi.

"Unawapiga."

"Mimi, Bwana Jayanti?"

"Mguu unavunjika bila mtu? Akianguka mwingine, utafute kazi pengine."

Sikulala vizuri siku hizo. Nilijua sijawapiga, lakini hata mimi ningeuliza vilevile. Mguu unavunjikaje bila mtu?

Bwana mifugo wa serikali alipita kununua mafuta ya taa, tukamwonyesha. Aliwapapasa miguu, akasema ni baridi ya Kericho imeingia kwenye viungo, wapashwe joto. Tukawawekea matofali ya moto yaliyofungwa magunia. Walipata joto, hawakupata miguu. Mume wangu alisema kuna mtu mwenye jicho baya amewasifu, na akanikumbusha ni nani aliyekuwa akiwasifu kisimani. Wanawake wa kambini wakasema ni minyoo ya nyama mbichi. Tukawapa dawa ya minyoo, na minyoo ikatoka kweli, nikashangilia. Kesho yake wakaendelea kuchechemea. Ba akasema tujaribu maziwa. Wakaharisha, tukaacha. Mjomba akasema hawashibi, ongeza nyama. Nikaongeza. Yule mweusi akalegea kiuno, akashindwa hata kwenda haja, akafa.

Hapo kichwa changu kilikwama. Nyama mbaya ya Njuguna ilimsimamisha Rani. Nyama nzuri ya mjomba inaangusha watoto wake. Nilijaribu kupanga hayo mambo mawili yakae pamoja, hayakukaa.

Ba yeye alikuwa ameshapata jibu lake, na jibu lenyewe lilinitisha. Alisema kosa ni lake. "Mimi nilikubali nyama," aliniambia. "Nilisema haivuki seng'enge, nikajidanganya kwamba sijui. Sasa mifupa ya watoto inavunjika." Akaweka nadhiri. Atakula mara moja tu kwa siku, nafaka iliyochemshwa kwa maji, bila chumvi, bila samli, bila kitu, na atakunywa maji ya kuchemsha tu, mpaka Chai asimame kwa miguu minne.

Mwanzoni hatukuona tofauti. Kisha mifupa ya shingo yake ikaanza kuonekana. Sari ikawa inamteleza begani. Alikuwa akipanda ngazi anapumzika katikati, na bado aliinua mguu kuvuka sisimizi.

Jayanti alimsihi kwa lugha yao, akapandisha sauti, akashusha, Ba hakubadilika. Mwishowe akanifuata mlangoni mwa stoo. Ule ukali haukuwako.

"Rael, mama yangu atakufa kwa ajili ya paka. Fanya kitu."

"Nifanye nini, Bwana?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui."

Tukasimama hapo, yeye na penseli yake, mimi na ufagio wangu. Kama kuna mtu alitupita siku hiyo alidhani tumegombana.

Aliyenitoa kwenye giza hilo ni Rani. Maana Rani alikuwa mzima! Alikula nyama ileile ya mjomba, sahani ileile, na alikuwa anaruka magunia kama mbuzi. Nilianza kumtazama nikifagia. Asubuhi moja akashika panya, akakaa naye pembeni, akaanzia kichwani. Na nikasikia changarawe. Krach, krach, mpaka mkia.

Ufagio ulinitoka mkononi. Sauti ile sikuwa nimeisikia kule kwenye seng'enge tangu lori liondoke. Watoto walikula nyama ya mjomba kimya, kama watu wanaokunywa uji.

Nilienda sokoni nusu nikikimbia. "Mjomba, nataka takataka."

"Nani amekuvunjia heshima?" Mjomba akaweka kisu chini.

"Hakuna. Nataka vilivyo chini ya gogo. Shingo za kuku, na ule unga wa mifupa."

"Mbele ya watu hawa?"

"Mbele ya watu hawa, mjomba."

Alinipa, lakini moyo ulimuuma. Aliziweka chini ya fungu, halafu juu akafunika kwa kipande kizuri cha nyama laini ili anayechungulia asione. Alifanya hivyo kila siku, na mimi sikumkataza.

Zile shingo nilizitwanga kwa jiwe huko nje ya ua mpaka zikawa laini, hakuna kipande cha kumchoma mtoto kooni. Chai nilimweka kwenye sanduku la sabuni lenye kuta ndefu asiweze kuruka. Wa madoadoa ndiye aliyeanza kuchangamka. Akaacha kulia ukimshika. Kisha akanikwaruza, na nikafurahi kukwaruzwa.

Sasa, ni nini kiliwaponya? Mimi nilisema mifupa. Mume wangu akasema jicho baya limeenda kwingine. Wanawake wa kambini walisema ni ile dawa ya minyoo, ilikuwa inafanya kazi polepole. Jayanti akasema ni sanduku. Kwa Ba ilikuwa ni nadhiri. Kila mtu alitembea na mganga wake mfukoni. Miaka mingi baadaye daktari wa mifugo katika shamba moja la chai alinieleza kwamba mtoto wa paka anajenga mifupa kila siku, na nyama tupu haina cha kujengea, basi mwili unachukua kwenye miguu yake mwenyewe. Nilimwamini. Alisema pia mwenye kuogopa nyama mbichi apike, hakuna dhambi, bora mfupa uliopikwa usiwemo na aulize daktari aongeze nini. Hilo ndilo nililomwambia mjukuu wangu, na amemwandikia daktari wa Nakuru.

Lakini swali langu lilibaki palepale. Njuguna alijua? Wakati watu wake walipoanza kurudi Kericho, mmoja mmoja, niliuliza. Fundi wa baiskeli mmoja alisema Njuguna alijua sana, mama yake alifuga paka. Mwingine akacheka, akasema Njuguna alikuwa bahili tu, na kama paka wamepona kwa ubahili wake basi hata yeye mwenyewe angeshangaa. Yeye hakurudi. Niliuliza alipo mpaka nikachoka kuuliza. Siku nyingine nikikumbuka lile donge, jinsi lilivyokatwakatwa laini, nasema hapana, mkono wa bahili haujisumbui hivyo. Siku nyingine nasema alikuwa anaficha vichwa vya kuku nisivione. Sijui. Aliniachia fungu likiwa limeshafungwa, asubuhi ambayo yeye mwenyewe alikuwa anafungiwa maisha yake. Hilo tu ndilo ninalolijua kwa hakika.

Kuna siku moja nimeiruka. Nitawaambia hiyo, nimalize.

Ilikuwa asubuhi, ukungu umeanza kupanda kutoka kwenye chai. Nilikuwa nje ya ua natwanga shingo za kuku, nikasikia hatua. Ba alikuwa anakuja. Hakuwa amefika hapo tangu siku aliyonionyesha mpaka. Alisimama upande wake wa seng'enge, ncha ya sari imefunika pua, mkono mmoja umeshika nguzo. Niliacha kutwanga.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Nikaweka kwenye sahani, nikalilaza sanduku ubavu. Chai alitoa kichwa, akanusa. Kisha akatoka. Alisimama. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umepinda na ulibaki umepinda mpaka mwisho wa maisha yake, lakini ulikuwa chini, umekanyaga. Alitembea kama kiti kibovu mpaka kwenye sahani, akainamisha kichwa.

Krach, krach.

"Hiyo sauti ni nini?" Ba akauliza.

Alikuwa ameniambia nisimwambie. Nikamtazama, naye akangoja.

"Ni mfupa, Ba."

"Mfupa wa nani?"

"Wa kuku."

Akafumba macho, midomo ikaanza kutembea. Nilidhani anamshukuru Mungu kwa ajili ya Chai. Baadaye aliniambia alikuwa anamwombea kuku.

Alipofumbua macho aliniuliza, kwa sauti ya chini kama tunaibia mtu, "Rael, mimi nimefanya vizuri ama vibaya?"

Nilimtazama Chai. Nikatazama sahani, na manyoya mawili matatu ya kuku yaliyokuwa yamegandamana kwenye jiwe. Nilikuwa nimesomea misheni, nilijua majibu ya maswali mengi kwa kukariri. Hilo halikuwemo.

"Sijui, Ba."

"Mimi pia sijui."

Alikaa pale mpaka Chai akalamba bati lote. Kisha akageuka, tukaenda nyumbani, yeye upande wake wa ua na mimi upande wangu, mpaka kwenye lango. Alikuwa anayumba. Nilitaka kumshika, lakini mikono yangu ilikuwa na damu, tukatembea hivyo hivyo, polepole, yeye akishika ukuta.

Mlangoni akaketi kwenye ngazi, akapumua.

"Nenda unawe," akasema. "Halafu niletee chumvi."